Penalti Ambayo Karani Hakuiamua

Kabla ya kusikiliza kesi yoyote, Karani alivua kofia yake, akaitundika kwenye ndoano ya mizani pale tulipotundika magunia, kisha akasema, "Mimi sikuwepo. Nielezeni." Mgeni aliyekuwa akipita barabarani angedhani mzee anajitetea mbele ya polisi. Kumbe ndivyo alivyofungua mahakama yake, na mshtakiwa alikuwa refa wa mechi ya jana.

Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, hapa kwetu kwenye mteremko wa Manga. Hatukumwita jina lingine. Watoto walimwita Karani, padri alimwita Karani, na mke wake pia, hasa akiwa amekasirika. Kiwanda kilimwajiri apime majani na kuandika kilo. Sisi tulimpa kazi nyingine, nayo ndiyo tuliyoiona kubwa: kila Jumapili alasiri, tukingoja lori la majani, aliamua kama penalti ilikuwa penalti.

Siku hizi pale kituoni kuna mizani ya betri na kijana mpole mwenye mashine ya kutoa risiti. Kijana hana kosa. Lakini nikifika na gunia langu siku ya Jumapili, nikawakuta watu wameinama kila mmoja na simu yake, moyo huniuma kabisa. Nina hamu na zile kelele. Nina hamu zaidi na mzee aliyejua kuzinyamazisha.

Sababu ya kumchagua yeye ilikuwa rahisi. Karani alikuwa Msabato, tena mzee wa kanisa, na timu yetu ilipokuwa ligi kuu ilicheza Kisii mjini siku ya Jumamosi. Ijumaa jua likizama alizima simu, akazima redio, halafu akaifunika redio kwa kitambaa, asije akaiona na kushawishika. Sisi Wakatoliki tulishuka mjini kushangilia. Wasabato vijana walishuka vilevile, kofia wamezivuta hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo Jumapili ikifika, katika ukingo mzima wa Manga mwanamume aliyekuwa hajaona wala kusikia chochote alikuwa yeye peke yake. Tulimtaka kwa sababu hakujua.

Na hakufanya mchezo na kule kutojua kwake: hata Sabato ikiisha, redio ilibaki imefunikwa hadi kesi iishe Jumapili. Kuna Jumamosi moja vijana walipita mbele ya lango lake jua likiwa bado juu, wakapiga kelele, "Tatu bila! Tatu bila!" Mzee aliziba masikio kwa mikono miwili, lakini alikuwa amechelewa. Kesho yake kituoni kofia ilibaki kichwani.

"Leo mimi sifai," akasema. "Nimesikia matokeo."

"Karani, matokeo si penalti!" tukamlilia.

"Ukishajua nani ameshinda, unaanza kumhurumia mmoja wao. Yaya. Endeni mchambue majani."

Yaya ndiyo hapana yetu sisi Wagusii, na ya Karani haikuwa na mlango wa nyuma. Kesi ile haikusikilizwa, tukaitana waongo wiki nzima.

Mahakama ilikaa kwenye meza ndefu ya saruji, pale tulipomwaga majani ili tuyachambue kabla ya kupimwa. Karani aliugeuza mwisho mmoja wa meza kuwa uwanja. Mabeki walikuwa majani magumu, yale aliyoyakataa. Washambuliaji walikuwa vichipukizi laini vyenye majani mawili mawili. Mpira ulikuwa punje ya hindi, na refa alikuwa kizibo cha soda. Sisi tuliendelea kuchambua kwenye mwisho wa pili, mikono ikifanya kazi na midomo ikifanya kazi, mvua ya alasiri ikipiga mabati juu yetu. Kila upande ulitoa shahidi mmoja, na shahidi hakuulizwa aliona nini. Aliulizwa kwanza, "Ulikuwa umesimama wapi?"

Swali hilo liliangusha wanaume wazima. Namkumbuka fundi mmoja wa pikipiki, mtu wa maneno mengi, aliyekuja kuapa kwamba beki wetu aliushika mpira kwa mkono.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya goli, Karani. Karibu kabisa."

"Goli gani?"

"Ile ya upande wa barabara."

"Saa kumi alasiri, ukiwa hapo, jua liko wapi?"

Fundi akainua mkono kama mtu anayejikinga na jua. "Liko kwa macho," akasema mwishowe.

"Sasa uliona na nini?"

Tulicheka hadi mama mmoja akamwaga majani yake chini. Fundi naye alicheka, na hilo ndilo nataka mlisikie. Watu walishindwa mbele ya Karani bila kuaibika. Sijui alifanyaje. Mimi nikimshinda mtu kwa maneno, mtu huyo hanisalimii mwezi mzima.

Alikuwa na neno lingine alilolitoa kwenye kazi yake ya mizani. Mkulima akileta gunia, Karani hakulitazama juu, ambako kila mtu hupanga majani mazuri. Alikunja shati, akatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akachota ya chini. Na shahidi akianza kupamba, mara refa alikuwa na kinyongo, mara refa ameshiba chakula cha wageni, Karani aliinua kidole na kusema, "Hayo ni ya juu. Nipe ya chini."

Shahidi aliyempenda kuliko wote alikuwa mama mmoja anayeuza ndizi Mosocho. Siku ya mechi alikuwa mjini, kwenye duka la familia moja ya Kihindi, ambako televisheni huwa imewashwa juu ya rafu. Vijana watatu waliokuwa uwanjani walikuwa wameshasema yao kwa kiapo. Mama akafuta mikono kwenye leso.

"Mimi niliona mguu wa beki ukienda kwa mpira," akasema. "Halafu mwenye duka akaniuliza, mama, sukari nyeupe ama ya kahawia? Nikamwangalia yeye. Kurudisha macho, yule mtu ako chini. Hapo katikati sijui."

"Hapo katikati hujui," Karani akarudia, kama mtu aliyepewa zawadi. Alisogeza jani gumu, akasogeza kichipukizi, akafikiri muda mrefu. Kisha akaamua kwamba mguu ulifuata mpira, na haikuwa penalti. Vijana watatu walinung'unika, lakini walikubali, kwa kuwa baada ya Karani hapakuwa na rufaa. Kesi ikiamuliwa ilikuwa mwiko kuitaja tena, na kulikuwa na desturi ambayo sijui ilianzishwa na nani: lori likifika, walioshindwa waliwabebea washindi magunia hadi kwenye lori. Ukishambebea mtu gunia lake la majani mabichi, hasira huisha yenyewe. Unafika kwenye lori umelowa mgongo, mwenye gunia anakucheka, nawe unacheka.

Kesi za Ulaya hakuzitaka hata kuzisikia. Vijana walipomletea penalti za Uingereza aliwafukuza. "Huko wana televisheni ya kurudia," alisema. "Wana chumba kizima cha watu wa kuangalia. Wanaomba nini kwangu?"

Ukimuuliza kama anapenda mpira, alisema mpira ni kelele za watu wazima wasio na shamba. Lakini ndani ya sanduku la vitabu vya kituo, chini kabisa, aliweka kijitabu cha sheria za mpira alichokivika jalada la karatasi ya simiti. Nilikiona siku moja aliponituma kalamu. Kilikuwa kimechakaa kushinda kitabu chake cha nyimbo za kanisa, na hicho cha nyimbo kilikuwa kimechakaa sana. Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikampa kalamu. Naye alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Nisimfanye malaika. Kwenye mizani alikuwa hana huruma. Alirudisha majani ya mke wake mwenyewe mbele ya foleni nzima, nusu gunia, akisema ni magumu. Mama alibeba majani yake nyumbani, na jioni, mzee alipoketi kula chinsaga, mboga za kienyeji alizozipenda, alikuta karibu na ugali bakuli la majani chai yaliyochemshwa. "Chinsaga hakuna," mama akamwambia. "Kuna hayo uliyokataa." Hadithi hiyo aliisimulia yeye mwenyewe, akicheka hadi machozi. Alisema aliyala, yote, na kweli yalikuwa magumu.

Naona ninaikwepa ile Jumamosi. Haya, tufike.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Timu yetu ilihitaji sare tu ili ibaki ligi kuu. Mimi na ndugu yangu mkubwa, Momanyi, tulishuka mjini pamoja asubuhi, tukala chapati pamoja, tukafika langoni pamoja. Hapo watu walikuwa wengi, wakatutenganisha. Yeye alisukumwa upande wake, mimi wangu. Dakika zikakaribia kuisha bila bao. Watu walikuwa wameanza kuimba. Mara mshambuliaji wao akaingia eneo la hatari, beki wetu akamfuata, mshambuliaji akaanguka, na refa akapuliza. Wakapiga, ikaingia. Timu yetu ikashushwa daraja, na hadi leo haijarudi.

Turudi kituoni, Jumapili. Sijawahi kuona watu wengi vile pale. Waliokuwa na majani walikuja, wasio na majani walikuja. Vijana walileta video kwenye simu zao, lakini watu walikuwa wamerukaruka wote wakati ule ule, na ukitazama unaona anga, mabega, na kofia za watu. Kila mtu alisema ni wizi. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti ya juu kuliko wote, kama kawaida yangu. Ndipo Momanyi, akiwa anachambua majani, akasema bila kuinua kichwa, "Ilikuwa penalti. Beki alimgusa mguu wa nyuma. Mimi niliona."

Macho ya watu yakaenda kwa mkewe. Mke wa Momanyi ametoka upande wa ile timu ya wageni, huko chini kuelekea ziwani. Ameishi nasi miaka mingi, anaongea Ekegusii kutushinda, na siku hiyo alikuwa pale pale mezani, kikapu chake miguuni. Nilijua yuko. Hata hivyo nilisema.

"Wewe utaona nini kingine?" nikamwambia ndugu yangu. "Umeoa kwao, unakula kwao, sasa unaona kwa macho yao."

Mikono ya shemeji ilisimama juu ya majani. Momanyi alinitazama, na nikajua nimevunja kitu. Lakini mimi ni mtu ambaye nikishaanguka huendelea kubiringika. Nikageuka na kupiga meza. "Karani! Tundika kofia. Amua."

Watu wote wakamgeukia. Karani alikuwa ameishika kofia mkononi. Aliizungusha, akaizungusha tena, halafu akairudisha kichwani.

"Kesi hii siisikilizi."

"Umesikia matokeo? Leo kila mtu amesikia, Karani! Hata mbuzi wamesikia!"

"Nimesema siisikilizi."

"Kwa nini?"

Alifungua kitabu na kumwita mwenye gunia la kwanza. Lori lilipofika, kwa mara ya kwanza hakuna aliyembebea mwenzake. Kila mtu alibeba lake, akaenda kwake.

Wiki iliyofuata Momanyi alihamisha namba yake ya kuuzia chai. Kituo chetu kiko dakika tano kutoka kwake. Akahamia kituo cha ng'ambo ya ukingo, karibu saa moja kwa njia ya miguu, kupanda na kushuka, gunia mgongoni na mkewe nyuma na kikapu. Njia hiyo inapita kando ya boma langu. Miaka minne niliwasikia wakipita. Shamba lake na langu yanatenganishwa na ua alioupanda baba yetu. Watoto wetu walitoboa tundu kwenye ua, wakacheza kama kawaida. Sisi wawili tulisalimiana kwa kutazama ua. Alisema "Bwakire," nami nikasema "Bwakire," basi. Mama yetu alipougua tulikaa pande mbili za kitanda kimoja, na tulizungumza na mama tu.

Mimi nilijifariji kwamba kosa ni la Karani. Angeamua, ningeshinda au ningeshindwa. Mmoja wetu angebeba gunia, tungecheka, tungerudi nyumbani pamoja. Nilimfuata mara nyingi, pale kituoni na hata njiani anapotoka kanisani. "Amua tu, Karani. Hata ukisema nimeshindwa, nitakubali. Nataka ndugu yangu." Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Siisikilizi." Na hakusikiliza kesi nyingine tena. Kofia haikutundikwa hadi siku aliyostaafu. Nilimchukia kidogo kwa hilo, na kumchukia mtu unayempenda ni kazi ngumu, inachosha.

Mwaka huu nikasikia kwamba miguu yake imekataa. Jumapili moja baada ya misa nilichukua mkungu mdogo wa ndizi nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti, blanketi magotini, ungo wa maharagwe juu ya blanketi. Alikuwa akichagua mabovu na kuyatupa kwa kuku. Mkono ulikuwa bado ule ule, mwepesi, hauna huruma. Nilimwamkia, nikampa mkewe ndizi, nikakaa kwenye jiwe.

"Umekuja na ile kesi," akasema.

"Nimekuja kukuona, mzee."

"Umekuja na ile kesi." Akatupa haragwe moja, kuku wakaligombania. "Mimi nilikuwepo."

Sikuelewa. Nikamtazama.

"Jumamosi ile. Nilimwambia mama naenda kumwona mgonjwa Mosocho. Na nilimwona, nilikaa kwake kidogo tu. Halafu nikapanda gari hadi mjini. Nilisimama nje ya uwanja, kwa ile tuta ya barabara, kofia nimeivuta hapa." Akagusa nyusi zake. "Kama wale vijana."

"Wewe, Karani? Siku ya Sabato?"

"Niliipenda timu ile, omwana one." Alisema mwanangu kwa lugha yetu, na sauti yake ikapungua. "Miaka yote nimeiona juu ya meza ikiwa majani. Nikasema, mara moja tu, niione ikiwa na miguu, kabla haijashuka."

Nilisimama. "Basi uliona! Sema, mzee. Uliona nini?"

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayejionea huruma. "Yule kijana wao alipoingia eneo la hatari, nikafumba macho. Nikaomba. Namwomba Mungu siku yake, mahali ambapo sikutakiwa kuwa! Nilipofumbua, refa alikuwa amepuliza. Nimevunja Sabato, na sikuona kitu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kukasirika, nikashindwa pia. Nikarudi kwenye jiwe langu.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningefungua kesi kwa neno gani? Mimi sikuwepo? Hilo ndilo lilinipa ruhusa ya kukaa pale. Jumapili ile lingekuwa uongo, na kusema ukweli nikaona haya. Mzee wa kanisa." Aliacha maharagwe, akaweka mikono yote miwili juu ya ungo. "Nikaficha aibu yangu, nikakuacha wewe na Momanyi na ua katikati. Nimewakosea. Nimelala na jambo hilo kila siku."

Nilisema tu, "Yaya, mzee, yaya," na macho yangu yalikuwa yameloa. Alingoja nimalize. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ya zamani ya mezani, "Sasa wewe. Ulikuwa umesimama wapi?"

Katika miaka minne hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

"Nyuma ya goli," nikasema.

"Goli gani?"

"Lile la..." Nikasita. "La mbali."

"Penalti ilikuwa goli gani?"

"Lile lingine."

"Hayo ni ya juu," akasema taratibu. "Nipe ya chini."

Nilitazama kuku. "Mbele yangu kulikuwa na mtu amembeba mtoto mabegani," nikasema. "Niliona mikono ya watu ikipanda. Halafu nikasikia filimbi. Kuanguka kwenyewe sikuona."

"Na Momanyi?"

"Yeye alikuwa kando ya mstari. Alisukumwa hadi mbele kabisa, sawasawa na eneo la hatari. Aliniambia Jumapili ile asubuhi, kabla sijamtukana kituoni."

Karani hakusema nani ameshinda. Kofia ilikuwa kwenye msumari wa mlango, mbali naye, na hakuitaka. Alirudi kwenye maharagwe yake, akachagua kwa muda, mimi nikasikiliza mabovu yakianguka.

"Huko ng'ambo wanachuma siku gani?" akauliza.

"Jumanne."

"Mvua imekuwa nzuri," akasema. "Magunia yatakuwa mazito."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa, na kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye michai. Walimsifu kwa mengi, kwamba alikuwa mwaminifu na alishika Sabato maisha yake yote. Mimi nilikaa nyuma nikatabasamu peke yangu, nikamlilia.

Lakini Jumanne ile alikuwa bado hai, na natumaini mtu alimpelekea habari. Nilipanda ukingo bila gunia. Watu wa kituo cha ng'ambo walinishangaa, kwa kuwa mtu haendi kituoni mikono mitupu. Lori lilikuwa limeshafika. Momanyi alikuwa amesimama kando ya gunia lake, lililojaa hadi kufungwa kwa shida, na shemeji alikuwa akikung'uta kikapu. Nilienda kwake yeye kwanza.

"Shemeji," nikasema, na watu wakasikia, kwa kuwa nilitaka wasikie. "Siku ile mezani nilikutukana, na wewe hukuwa umenikosea kitu. Nisamehe."

Aliendelea kukung'uta kikapu kilichokuwa kitupu kabisa. Kisha akakiweka chini. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akaonyesha kwa kidevu. "Gunia ni lile," akasema.

Momanyi hakusogea. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe kwenye masikio. Nilikuwa nimemwona akipita kila wiki, sikuwa nimeona hilo.

"Ulikuwa umesimama wapi?" akaniuliza.

"Goli la mbali," nikamjibu. "Nyuma ya mtu aliyembeba mtoto."

Alinitazama, mdomo ukaanza kumtoroka, akacheka. Alicheka vile alivyokuwa akicheka tukiwa wadogo, kwa mabega. Nikainama, yeye akaniinulia upande mmoja, gunia likakaa mgongoni kwangu. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na maji ya majani yakanishuka shingoni, lakini sikulishusha hadi nilipofika kwenye lori.